Haki na Kazi ya Wazazi katika Shule za Serikali

Maneno yaliyosemwa na katekista mbele ya wazazi wakati wa Jubilei, Tabora



Tumepewa neno la kusema juu ya shule. Wenzetu waliotangulia wamekwisha kusema juu ya misioni na juu ya mapadre wa kwanza, nao wamesema vema. Sisi hatutarudia maneno yao. Tumeambiwa tuseme juu ya wazazi na shule za Serikali, maana huko ndiko wasomako watoto wetu walio wengi, wa Kikristu na wa Kiislamu na wa wale wasiofuata dini hizi mbili. Yatupasa kulitazama jambo hili kwa makini, kwa kuwa tumeona ya kuwa wazazi wengi humpeleka mtoto shuleni siku ya kwanza, wakamkabidhi kwa mwalimu, wakageuka, wasionekane tena mpaka siku ile mtoto amefukuzwa au amemaliza.

Watu husema ni uvivu. Sisi hatusemi hivyo. Twaona ya kuwa desturi hiyo ina asili yake, na asili yake yapatikana katika njia hii hii tunayokaa kandokando yake.

Ninyi mwaijua njia. Ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na nchi ya Wagogo, ikaingia Tura, ikafika hapa Unyanyembe. Na kutoka hapa ikagawanyika, moja ikaenda Ujiji penye ziwa la Tanganyika, nyingine ikaelekea kaskazini, Karagwe na Buganda. Babu zetu Wanyamwezi ndio waliokuwa wapagazi wake. Mpagazi alichukua mzigo wa ratli 60 au 70, akatembea miezi mitatu au minne hata kufika pwani. Lakini mpagazi hakuinua mzigo asioujua. Aliupima kwanza kwa mikono yake, akapatana ujira na posho mbele ya wenziwe, na akiona amedhulumiwa aliutua mzigo njiani usiku, akarudi kwao. Twayasema haya ili tusidhani ya kuwa watu wa nchi hii hawakujua kuuliza. Walijua sana kuuliza.

Hata katika elimu walijua. Waarabu na watu wa pwani waliokaa Tabora walikuwa na vyuo vya Kurani kabla ya misioni yo yote kufika. Baba alimshika mwanawe mkono akampeleka kwa mwalimu, wakapatana juu ya ada, na mwalimu alijua ya kuwa baba yule anakaa nyumba ya tatu na atapita tena kesho.

Shule za namna hii ya sasa zilianza kwa njia nyingine. Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu huwaita Mapadre Weupe, walifika Tabora mwaka 1878, na mwanzo wa miaka ya 1880 wakafanya kituo Kipalapala. Watoto waliowakusanya walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Hawakuwa na baba wala mama wa kuulizwa; wengine hawakujua hata jina la kijiji walikotoka. Mnamjua Adriano Atiman, ambaye alikuwa mtoto wa namna hiyo, ingawa yeye alitoka mbali, Afrika ya Magharibi, akakombolewa na Mapadre huko Algeria. Akasomeshwa uganga Malta, akafika Karema mwaka 1889, akawa mganga na katekista pale mpaka kufa kwake mwaka 1956. Walimlea vizuri mno. Lakini ni nani angaliweza kuwaita wazazi wake katika mkutano? Padre alikuwa mwalimu, tena baba, tena mama, na kwa watoto wale isingewezekana vingine.

Kisha wakaja Wajerumani. Baada ya ngome ya mtemi Isike kuvunjwa mwezi wa Januari 1893, boma likawa lao, nao walitaka makarani na maakida wanaojua kuandika. Majumbe waliamriwa kuleta wavulana. Katika mahali pengi pa Afrika ya Mashariki jumbe alimficha mwanawe akamtoa mtoto wa maskini au wa mtumwa wake, kwa kuwa aliiona shule kuwa kama kodi. Nao Waingereza walipofungua shule yao hapa Tabora mwaka 1925, waliifungua kwa ajili ya wana wa watemi. Julius Nyerere, mwana wa mtemi Burito wa Wazanaki, aliingia humo mwaka 1937. Baadaye, alipotoka Makerere, alirudi mji huu huu kufundisha katika shule ya Mapadre ya St. Mary's. Shule ile ilitoa watu wakubwa, nasi twajivunia. Lakini baba mwenye jembe moja hakuwa na neno la kusema kwayo. Shule ya kwanza ilikuwa ya watoto wasio na wazazi, ya pili ya watoto walioletwa kwa amri, ya tatu ya watoto wa wakubwa. Mzazi wa kawaida alijifunza mahali gani kubisha mlango?

Ziko shule ambazo wazazi wetu walizijenga kwa mikono yao, nazo hazitajwi sana: zile shule za vigangoni, ambazo Wazungu waliziita shule za porini. Katekista alifundisha kusoma, kuandika, hesabu kidogo na mafundisho ya dini. Wanaume walikata miti, wanawake wakakandika udongo na kuleta majani ya kuezekea, na katekista alisaidiwa kulima shamba, kwa kuwa mshahara wake ulikuwa mdogo. (Mdogo ulikuwa, na mdogo umebaki, lakini hilo si neno la leo.) Mtoto akikosa siku mbili, katekista alikutana na baba yake njiani jioni ile ile akamwuliza. Sheria ya Elimu ya mwaka 1927 ilipotungwa, Serikali ya Kiingereza ilianza kuzipa msaada wa fedha shule za misioni zilizotimiza masharti yake, na kuzikagua. Shule za porini zilikuwa chini ya kipimo hicho, zikabaki bila msaada. Hatukilaumu kipimo, nyingine zilikuwa banda tu lisilo na ubao. Lakini tangu hapo watu walishika wazo ya kuwa shule bora ni ile iliyo mbali, inayokaguliwa na mgeni, na ile iliyo mikononi mwa wazazi ni duni. Wazo hilo limekaa ndani yetu hata leo.

Katika miaka ya 1950 wazazi wa Tanganyika walijaribu tena. Walifanya chama cha wazazi Waafrika, kilichojulikana kwa herufi TAPA, kikaenda bega kwa bega na TANU, kikafungua shule kwa watoto waliokosa nafasi kwa Serikali na kwa misioni. Wako wazee waliosoma kwanza katika mabanda yale, nao hawayadharau.

Baada ya Uhuru mambo yakageuka. Azimio la Arusha lilitolewa Februari 1967, na mwezi wa Machi Mwalimu akaandika juu ya Elimu ya Kujitegemea. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikazitia mikononi mwa Serikali shule zote zilizokuwa zikipewa msaada, za misioni pamoja nazo. Sababu yake ilikuwa ya haki. Shule nyingi zilikuwa za Wakristu, na mtoto wa Kiislamu alikuta mlango mwembamba. Nchi changa isingeweza kuendelea hivyo. Twakubali, wala hatukuja kudai shule zirudishwe. Lakini twaona ya kuwa pamoja na majengo, wazazi walikabidhi na moyo wao. Watu walianza kusema: dawati la Serikali, mwalimu wa Serikali, mtoto wa Serikali.

Likafuata Azimio la Musoma la Novemba 1974, kwamba kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo mwaka 1977. Mama zetu wanakumbuka walivyofyatua matofali na kuchota maji. Mwanzo wa miaka ya 1980 watoto katika shule za msingi walizidi milioni 3, jambo ambalo nchi tajiri kuliko yetu hazikulifanya. Na wazazi wenyewe walikwenda kisomo jioni, mzee na mjukuu wakitumia taa moja.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilimtaja mzazi mara mbili. Kwanza ilimlazimisha kumpeleka mtoto shuleni afikapo umri wa miaka 7, na kuona ya kuwa anahudhuria mpaka amalize, na adhabu ipo kwa akataaye. Tena ikaweka kamati kwa kila shule ya msingi, na bodi kwa shule za sekondari, ambamo watu wasio walimu wana kiti chao. Neno la kwanza wazazi walilisikia, kwa kuwa mtendaji alilileta pamoja na mgambo. Neno la pili lilisomwa katika ofisi, likakaa katika faili.

Sasa tufike kwa mambo ya leo, maana ndiyo hasa tuliyojia.

Kamati ya Shule ni kiti chenu. Mwalimu mkuu ni katibu wake. Mwenyekiti hatoki miongoni mwa walimu. Huyo mwenyekiti mmemchagua lini? Katika kigango kimoja tuliuliza, watu wakatazamana. Mmoja akasema labda ni fulani, mwingine akasema yule alikwisha kuhamia Mpanda. Shule ilikuwa na kamati kwenye karatasi, na mtu aliyehamia alikuwa bado anaongoza! Tulicheka, lakini katika shule ile ile choo cha wasichana kilikuwa kimeanguka tangu masika, na wasichana wakubwa walikuwa wakibaki nyumbani siku kadhaa kila mwezi. Hakuna aliyekuwa na kazi ya kulisema jambo hilo mahali panapostahili.

Kazi ya kamati ni kujua fedha za shule. Mwaka 2002 ulipoanza ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, karo ilipokwisha kuondolewa, ilikuwa ni taratibu ya kwamba mapato na matumizi yaandikwe kwenye ubao wa matangazo ili kila apitaye asome. Januari 2016 elimu ilifanywa kuwa bila malipo mpaka kidato cha nne, kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015. Ulipoanza mpango huo, hesabu ya ruzuku ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi mmoja wa shule ya msingi kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 zilikuwa za vitabu, na 6,000 zikapelekwa shuleni. Haya, tufanye hesabu kama tulivyofundishwa. Shule yenye watoto 500 ilipata kwa kipimo hicho 3,000,000 kwa mwaka, yaani 250,000 kwa mwezi: za chaki, za karatasi za mitihani, za kitasa kilichovunjika, za michezo. Kwa kila mtoto ni shilingi 500 kwa mwezi. Mzazi akiijua hesabu hii hupata faida mbili: hawezi kudanganywa ya kuwa hakuna kitu kilichokuja, wala hatamshitaki mwalimu mkuu ya kuwa amekula mamilioni ambayo hayakuwapo. Katika vijiji tumeyasikia yote mawili.

Neno hili "bila malipo" limeharibu watu wengine. Waraka Na. 3 wa mwaka 2016 ulieleza wazi: sare, madaftari, kalamu, chakula cha mtoto wa kutwa, matibabu yake, vinabaki kwa mzazi. Lakini wapo waliosikia "bila malipo" wakaelewa "bila mzazi". Mtoto huondoka nyumbani alfajiri hajaonja kitu, akatembea maili tatu, akakaa mpaka saa nane, na baba akiulizwa asema Serikali imesema ni bure. Kwa upande mwingine wako viongozi waliogeuza mchango kuwa karo kwa jina jingine. Twamjua mjane mmoja, hatutamtaja wala kijiji chake, ambaye watoto wake wawili walirudishwa nyumbani kwa fedha za mlinzi, wakakaa siku 9 hawasomi. Jambo hilo halikuwa halali. Mtoto hafukuzwi darasani kwa sababu ya mchango. Januari 2018 Rais Magufuli alikemea michango ya lazima mbele ya taifa lote, na ikaelezwa ya kuwa mwalimu asishike fedha za michango. Mchango wa hiari upo, tena ni mzuri, nao hupatanwa katika mkutano wa wazazi, kwa kiasi kijulikanacho na kazi ijulikanayo. Wazee wetu walipopita kwa Wagogo walitozwa hongo njiani, na neno hongo wakati ule lilikuwa ushuru wa mtemi uliopatanwa mbele ya watu. Mwaona lilikofika maana yake siku hizi. Mchango usiopatanwa waweza kufika huko huko.

Katika chakula tumeona mfano wa kusifiwa. Ziko shule ambako kila nyumba huleta debe la mahindi na kiasi cha maharagwe wakati wa mavuno, mama wawili wakachaguliwa kushika ufunguo wa ghala, na hesabu ikasomwa kila mwisho wa mwezi. Watoto wakala uji saa nne. Utoro ukapungua bila fimbo.

Na juu ya fimbo: mzazi asimwambie mwalimu "mpige tu, nyama yako, mifupa yangu", kama tulivyozoea kusema. Kanuni za mwaka 2002 zimeweka mipaka. Mwenye ruhusa ya kuchapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyepewa idhini naye kwa maandishi. Viboko havizidi vinne. Na adhabu huandikwa katika kitabu. Mwaka 2018 mtoto mmoja wa shule ya msingi huko Bukoba alikufa baada ya kupigwa na mwalimu, na kesi yake ikafika Mahakama Kuu. Sisi wenyewe tumekaa darasani kufundisha dini, nasi tumeona ya kuwa mtoto ajifunzaye kwa hofu husahau siku hofu iishapo. Mzazi akiona alama mwilini mwa mtoto asiende shuleni na rungu. Aende kwa mwalimu mkuu aombe kitabu cha adhabu, asiporidhika, aende kwa ofisa elimu wa kata, tena asichelewe.

Sasa neno lililo zito kuliko yote, nalo latuhusu sisi wazazi wala si mwalimu. Katika mikoa hii ya magharibi, na huko Usukumani, wapo wazazi wanaomwita binti usiku kabla ya mtihani wa darasa la saba wakamwambia: andika uongo, uanguke. Binti mwenye akili hukaa mbele ya karatasi, ajua jibu, akaandika lisilo kweli kwa mkono wake mwenyewe. Sababu ni ng'ombe za mahari, au kuogopa gharama za sekondari, au kutaka mikono ya kazi. Walimu hulitambua mara moja, maana mtoto aliyekuwa wa tatu darasani haanguki hivi hivi. Lakini watashitaki nini? Mtoto mwenyewe ndiye aliyeandika.

Wenye kufanya hivyo husema: mtoto ni wangu, nina haki. Basi tuseme juu ya haki. Tangazo la Haki za Binadamu la Desemba 1948 lilitamka ya kuwa wazazi ndio wenye haki ya kwanza ya kuchagua namna ya elimu ya watoto wao, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukawaita wazazi walezi wa kwanza, mwaka 1965. Twaliamini hilo, na ndiyo sababu ya maneno yetu yote. Lakini haki ile ni ya kuchagua namna ya elimu; haikusema popote ya kuwa mzazi aweza kuizima. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimpa mzazi ruhusa ya kumwoza binti wa miaka 15; Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016 ya kuwa vifungu hivyo vyapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019. Mwaka huo huo wa 2016 Sheria ya Elimu iliongezwa kifungu: amwoaye mwanafunzi aweza kufungwa miaka 30. Mzee anayepokea ng'ombe na aulize kwanza idadi ya miaka hiyo, kisha ahesabu ng'ombe.

Na binti akipata mimba? Hapo kale ilikuwa mwisho wa masomo yake. Novemba 2021 Serikali ilitangaza ya kuwa aweza kurudi shuleni baada ya kujifungua. Wengi wenu hamkulisikia hilo, na wengine mmelisikia mkanyamaza kwa aibu. Bibi aweza kulea mjukuu asubuhi. Hii si desturi ya kigeni kwetu hata kidogo. Twawasihi akina baba, maana mama zetu wamekwisha kuelewa kabla yenu.

Katika Urambo, Kaliua na Sikonge kuna tumbaku. Tumbaku imejenga nyumba za bati na kulipa karo za wengi, hatuitukani. Lakini kazi yake haina mwisho: kitalu, kupanda, kuvuna jani kwa jani, kufunga, kukesha na moto wa mabani. Jamaa nzima huhamia porini, na shule hubaki huko walikotoka. Mpagazi wa zamani alikwenda pwani wakati wa kiangazi akajitahidi kurudi kabla ya mvua, kwa sababu alijua shamba halimngoji. Shule nayo haimngoji mtoto. Mtoto aliyekosa miezi miwili ya kwanza katika darasa la tatu hukaa nyuma ya wenziwe katika kusoma, na darasa lenye watoto 90 halina mwalimu wa kumrudia yeye peke yake. Mwenye shamba porini na amwache mtoto kwa shangazi au kwa jirani wa karibu na shule, ampelekee mahindi. Watu watatu wa kijiji kimoja walifanya hivyo, wakawakusanya watoto 11 katika nyumba ya mama mmoja mtu mzima, wakamlimia shamba lake kwa malipo. Hawakungoja mradi wala mfadhili.

Wengine hutujibu: sisi hatukusoma, tutakagua nini? Fungueni daftari. Hata asiyejua kusoma aweza kuona wino mwekundu. Tarehe huandikwa juu ya kila zoezi kwa tarakimu, na tarakimu mnazijua kwa sababu mnahesabu fedha. Kama tarehe ya mwisho ni ya wiki mbili zilizopita, mwulize mtoto. Kama mtoto alikuwapo shuleni kila siku, nenda kwa upole ukamwulize mwalimu. Pengine utakuta mwalimu aliugua, au yuko peke yake kwa madarasa matatu. Hapo utakuwa umejua jambo ambalo mkaguzi hulijua mara moja kwa mwaka, akibahatika kufika.

Mwalimu naye ana haki kwetu. Binti wa Kilimanjaro au kijana wa Mbeya hupangiwa shule ya kijijini, akafika na sanduku lake, asipate nyumba, asijue Kinyamwezi, maji ni mbali. Tukimwacha hivyo, mwezi wa tatu atatafuta uhamisho, na hatuna sababu ya kumlaumu. Zamani katekista alilimiwa shamba na wazazi. Chumba cha kupanga chenye mlango wa kufunga, na jirani wa kumwonyesha kisima, havina gharama kubwa.

Kuhusu kipindi cha dini hatutasema mengi. Katika shule za Serikali kipindi hicho kimewekwa, na kila dini yafundisha watoto wake: sisi kwa wetu, na mashehe na walimu wa Kiislamu kwa wao. Twaijua shule moja ambako katekista hufika na mwalimu wa Kiislamu hafiki, na nyingine ambako ni kinyume chake, na katika zote mbili watoto walioachwa hucheza chini ya mwembe. Wazazi wa Kikristu wamwulize katekista wao alikuwa wapi Jumatano, nasi hatutakasirika. Na katika Kamati ya Shule msichague kwa dini. Choo kilichoanguka hakina dini.

Tumalize kwa yale tuliyokubaliana na makatekista wa vigango, ili yafanyike tangu mwezi ujao. Kila katekista atakwenda kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu na kigango chake, ataandika siku ya mkutano wa wazazi na jina la mwenyekiti wa Kamati. Siku hiyo itatangazwa Dominika mbili kabla yake, mara baada ya matangazo ya ndoa, wakati watu wangali wametega masikio. Tumewaomba wazee wa misikiti nao waitangaze siku ya Ijumaa, nao wamekubali. Akina mama wenye watoto wadogo waje nao. Kutakuwa na mkeka kivulini. Na kila mzazi alete daftari moja la mtoto wake, lile la hesabu.